Mama Anyonyeshaye na Mazoezi ya Mwili

 Jioni hii nimepewa nafasi ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo pengine litawachekesha baadhi yenu mkilisikia jina lake, nalo ni mazoezi ya mwili kwa mama anyonyeshaye. Najua kwamba mama mmoja kule Marangu au Kibosho, aliyeketi jikoni na mtoto kifuani, atauliza, "Mazoezi gani tena, mwalimu? Alfajiri nimekata majani ya ng'ombe, mchana nimeshuka sokoni, jioni nimepanda mlima na mzigo kichwani. Nani anitakiaye mazoezi zaidi ya hayo?" Ana haki ya kuuliza. Nami nawaombeni mnisikilize mpaka mwisho, kwani jibu la swali lake ndilo lililonileta hapa.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na ni mama wa watoto watatu. Nitaanza kwa habari yangu mwenyewe, maana mwalimu asiyekiri kosa lake hafai kusahihisha la mwenzake.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nililelewa uzazi kwa desturi ya kwetu. Ninyi wenyeji wa Kilimanjaro mwaijua desturi hiyo. Wageni nitawaeleza kwa ufupi. Mwanamke mzazi hukaa nyumbani muda wa miezi mitatu. Hachoti maji, halimi, hakati majani, wala habebi kitu kilicho kizito kuliko mtoto wake. Mama mkwe ndiye amwangaliaye. Hupikiwa mtori wa ndizi na nyama, hupewa maziwa na mchuzi, na zamani alipewa pia mlaso, yaani damu ya mnyama iliyopikwa pamoja na maziwa. Hula hata ashibe, kisha huongezewa. Basi mimi nililelewa hivyo, nikanenepa, maziwa yakawa tele, na mtoto akanawiri.

Siku ya kutoka ilipowadia, nilitoka kweli kweli. Juma lile lile nilijitwika mkungu wa ndizi nikateremka nao sokoni, na wakati wa kurudi nikapanda na mzigo wa majani kichwani na mtoto mgongoni. Sikutaka kuitwa mvivu. Baada ya siku chache kiuno kikaniuma, nikasikia uzito chini ya tumbo kama kwamba kuna kitu kitakacho kushuka, na kila jioni mtoto akalia sana nilipomnyonyesha. Jirani mmoja, mtu mzima tena mwenye nia njema, akaniambia, "Maziwa yako yameungua kwa jua na kwa kazi. Ukizidi kumpa atadhoofika. Mwachishe."

Nami, mwenye cheti cha ualimu, niliamini. Nikampa mtoto wa miezi mitatu na nusu maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji, na uji mwepesi. Siku ya tano alianza kuhara. Siku ya nane macho yake yalikuwa yameingia ndani, utosi umebonyea, na sauti ya kulia imemwisha. Tulimkimbiza hospitali usiku ule kwa gari la kuazima, mvua ikinyesha, na njia nzima nilikuwa nikiweka mkono wangu mbele ya pua yake nipate kujua kama angali akipumua.

Mtoto alipona. Asubuhi mkunga mmoja alinikalisha chini, akanisikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, maziwa yako hayana kosa. Kosa limo katika mzigo." Maneno hayo ndiyo nitakayowafasiria jioni hii.

Kwanza, maziwa hayana kosa. Maziwa ya mama hutengenezwa ndani ya titi kutokana na vitu viletwavyo na damu, nayo yana joto lile lile la mwili, nyuzi 37 hivi. Jua haliwezi kuyaunguza, wala mwendo hauwezi kuyachachusha, kama vile damu isivyochacha mtu akipanda mlima. Tena titi si kama debe ambalo likichotwa hupungua. Ni kama chemchemi: kadiri ichotwavyo ndivyo ibubujikavyo. Mtoto anyonyapo, habari hupelekwa kwenye ubongo wa mama, na ubongo huagiza maziwa mengine yatengenezwe. Asiponyonya, agizo hilo hupungua. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni mchana kutwa, lakini kwa haraka ya soko nilimpa titi mara chache tu. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya maziwa kuwa haba na mtoto kulia jioni. Sikuwa na dawa bora kuliko kumnyonyesha mara nyingi zaidi, nami nilifanya kinyume chake.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa vipimo. Mwaka 1994 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, Marekani, walitangaza habari za akina mama 33 wenye watoto wachanga walionyonya maziwa ya mama tu. Waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Akina mama wa kundi moja walianza mazoezi ya kutweta kidogo majuma sita hadi nane baada ya kujifungua, wakayafanya dakika 45 kwa siku, siku tano katika juma, kwa muda wa majuma 12. Wa kundi la pili hawakufanya. Maziwa yakapimwa wingi wake na vitu vilivyomo, na watoto wakapimwa uzito. Hapakuonekana kwamba mazoezi yalipunguza maziwa wala kuzuia watoto kukua. Bali wale mama waliofanya mazoezi walipata moyo na mapafu yenye nguvu zaidi.

Ni kweli kwamba mtu akikimbia mpaka nguvu zimwishie, asidi iitwayo laktiki huzidi katika damu yake, na kiasi kidogo huingia katika maziwa. Lakini haimdhuru mtoto, nayo hupungua yenyewe baada ya muda. Tena mama akitoka jasho jingi, mtoto aweza kukunja uso kwa ladha ya chumvi iliyo juu ya ngozi. Basi mama na aoshe kifua kwa maji safi, apumzike kidogo, ndipo amnyonyeshe. Asimwage maziwa kwa kudhani kuwa yameharibika.

Pili, kosa limo katika mzigo. Hapa nawaombeni mtege masikio vizuri, hasa ninyi akina baba. Chini ya tumbo la mwanamke, kati ya mifupa ya nyonga, pana misuli iliyotandazwa kama machela. Misuli hiyo hushikilia kibofu, kizazi na utumbo. Wakati wa mimba huelemewa, na wakati wa kujifungua hunyoshwa sana. Baadaye hujirudi pole pole, kwa majuma na miezi. Mwanamke akijitwika mzigo mzito kabla misuli hiyo haijapata nguvu, uzito wote hushuka juu yake, na mwisho wake huweza kuwa kushuka kwa kizazi na kushindwa kuzuia mkojo. Haya ni maradhi ambayo wanawake wengi huyaficha kwa aibu mpaka uzee wao.

Wala sisemi habari za nchi za mbali. Mwaka 2018 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa hapa hapa Kilimanjaro kwa wanawake zaidi ya 1,000 wa vijijini. Ilionekana kwamba kushuka kwa viungo vya uzazi kumeenea sana miongoni mwao, na kwamba kubeba vitu vizito kwa saa nyingi ni mojawapo ya mambo yafuatanayo na maradhi hayo. Kila mtu aliyezaliwa katika mlima huu amewaona mama zetu wakipanda kutoka tambarare na mizigo ya majani mikubwa hata uso hauonekani. Tuliwasifu kwa nguvu zao. Ilitupasa pia kuwauliza kama hawaumwi.

Sasa narudi kwa yule mama wa jikoni aliyeniuliza, "Mazoezi gani tena?" Ndugu yangu, kazi si sawasawa na mazoezi. Mzigo haukuulizi kama umelala usiku au umekesha na mtoto. Uzito wake hupimwa na njaa ya ng'ombe na bei ya sokoni. Mazoezi hupimwa na mwili wako mwenyewe. Leo huanza kidogo, kesho huongezwa kidogo, na siku ya kuumwa huachwa. Kazi isiyo na kipimo humchosha mtu, bali mazoezi yenye kipimo humpa nguvu za kuifanya kazi hiyo bila kuumia.

Wazee wetu waliliona jambo kubwa walipomlisha mzazi na kumwondolea mzigo, nasi tusiidharau hekima yao. Mama anyonyeshaye huhitaji chakula zaidi ya kile alichokula kabla ya mimba, kadiri ya kalori 500 kwa siku, na bakuli la mtori wenye nyama pamoja na kikombe cha maziwa ni msaada mkubwa. Lakini desturi yetu ina pengo moja. Hutoka katika kukaa kabisa, ikaingia katika kubeba kabisa, na katikati hakuna ngazi. Tena kulala kitandani siku nyingi pasipo kujongea hakufai, kwa kuwa damu huweza kuganda katika mishipa ya miguu. Mazoezi ndiyo ngazi iliyokosekana. Sasa nitawaeleza jinsi ya kuijenga. Wanafunzi, chukueni kalamu mwaandikie dada zenu.

Siku za kwanza, mama aliyejifungua salama na ainuke, atembee ndani ya nyumba. Akiwa amelala au ameketi, azungushe nyayo zake, na avute pumzi ndefu kwa utaratibu. Tena akaze misuli ya chini kama mtu azuiaye mkojo, ahesabu mpaka tano, ailegeze, na kurudia mara kumi. Zoezi hili hakuna amwonaye akilifanya. Laweza kufanywa hata wakati wa kunyonyesha. Lisifanywe wakati wa kukojoa.

Baada ya juma moja au mawili, atembee kihambani chini ya migomba, mahali palipo sawa, dakika kumi tu, bila mzigo. Kila juma aongeze dakika tano. Asitangulie kupanda vilima. Miteremko yetu ni mikali, na wakati wa masika udongo huteleza.

Majuma sita yakitimia, aende kliniki apimwe. Akiruhusiwa, atembee kwa haraka zaidi, apande kilima kidogo, achuchumae na kuinuka mara kumi huku ameshika nguzo ya nyumba. Kipimo cha mwendo wa wastani ni hiki: aweze kuzungumza, lakini asiweze kuimba. Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2020, limeshauri mama asiye na kizuizi cha afya afikishe angalau dakika 150 za mwendo wa namna hii katika juma. Ukizigawanya ni nusu saa kwa siku tano. Atakaye kukimbia asianze kabla ya miezi mitatu hivi. Na mzigo wa kichwani uanze kuwa mdogo, tena uongezwe kama dakika zilivyoongezwa.

Kabla ya kwenda, mnyonyeshe mtoto kwanza. Matiti yaliyojaa huuma kwa mwendo, na mtoto aliyeshiba hulala. Funga kifua kwa vazi linaloyashikilia matiti vizuri, lakini usikikaze mno kwa kanga, maana titi lililobanwa huweza kuziba na kupata uvimbe. Kunywa maji kila uonapo kiu. Usikimbie na mtoto mgongoni.

Yuko pia mama ambaye haimpasi kuifuata ngazi hii mpaka daktari aseme. Ni yule aliyejifungua kwa kupasuliwa, au aliyechanika vibaya, au aliyepungukiwa damu, au mwenye shinikizo la damu. Na mama yeyote akiona damu inaanza kutoka upya, au homa, au maumivu na uvimbe katika mguu mmoja, au maumivu ya kifua, au kichwa kuuma sana, au ule uzito wa chini nilioutaja, na aache mara moja aende kituo cha afya. Asingoje siku ya nane kama nilivyongoja mimi.

Vijana wa mjini Moshi, walioziona mbio za Kilimanjaro zilizoanza mwaka 2003, huniuliza kama mwanamke mwenye mtoto aweza kurudi katika mashindano. Nawajibu kwa habari ya jirani yetu wa Kenya, Faith Kipyegon. Alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 2016. Mwezi wa Juni 2018 alijifungua mtoto wa kike. Alirudi mashindanoni katikati ya mwaka 2019, yaani baada ya mwaka mmoja hivi, akapata medali ya fedha ya dunia huko Doha mwaka ule ule, na mwaka 2021 akatwaa tena dhahabu ya Olimpiki huko Tokyo. Angalieni vizuri kwamba mtu ambaye kukimbia ndiko kazi yake alijipa mwaka mzima. Itakuwaje basi sisi tudai mzazi atoke nyumbani Jumatatu na kubeba mkungu wa ndizi Jumanne?

Wako na akina mama ambao hawabebi majani. Ni walimu, makarani, mafundi wa cherehani, na wenye maduka ya mjini. Shida yao ni kukaa kutwa juu ya kiti. Hao wajue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mwajiriwa aliyejifungua likizo ya siku 84, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Oneni jinsi siku 84 zinavyokaribiana na ile miezi mitatu ya babu zetu. Tena sheria hiyo imemruhusu kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi mpaka saa mbili kwa siku. Mama ambaye mtoto wake yu karibu na aende kwake kwa miguu, anyonyeshe, arudi kwa miguu. Hapo amepata mazoezi na mtoto amepata maziwa.

Kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi sita, maziwa ya mama peke yake yatosha. Hata maji hayahitaji. Baada ya hapo huongezewa vyakula vingine, naye huendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Nayasema haya kwa sababu niliyalipia. Baada ya ugonjwa wa mtoto wangu maziwa yalikuwa karibu kukauka. Yule mkunga aliniagiza nimweke mtoto kifuani usiku na mchana, kila saa mbili, ajapokuwa hapati kitu. Nilikaa siku nyingi nikilia pamoja naye. Kisha maziwa yakarudi, kwanza matone, halafu ya kutosha. Mtoto huyo sasa yuko sekondari, naye ananipita kwa kimo.

Neno langu la mwisho ni kwa akina baba. Mke wako hawezi kupanda ngazi niliyoieleza kama ng'ombe bado wanamngoja yeye peke yake. Nusu saa yake ya kutembea haina budi itoke mahali fulani, nayo itatoka katika mikono yako. Kata majani wewe. Shusha ndizi wewe, kwa toroli au kwa pikipiki ikiwa ipo. Hakuna sheria ya kabila lolote isemayo kwamba kichwa cha mwanamume hakibebi majani.

Nilipojifungua mtoto wa pili, siku yangu ya kutoka ilipofika niliuinamia mkungu kama mara ya kwanza. Mama mkwe wangu, ambaye mwaka ule wa kwanza alikaa nami hospitali usiku kucha bila kusema neno, aliushika mkungu kabla yangu. Alimwita mwanawe aliyekuwa ameketi uani, akamtwika yeye. Kisha akanigeukia akasema, "Wewe mbebe mtoto, tutembee." Tukashuka sote mpaka mfereji wa maji, tukarudi pole pole, naye akinihesabia dakika kwa saa ya mkononi.